Kifaranga

Maji yakitoka, Thibaut Digard hushuka majabalini
na mkasi, ndoo, na buti zilizozibwa kwa gundi ya baiskeli.
Hukata mwani uleule, juu ya jabali lilelile,
asizidishe kilo tatu. Upepo wa Normandia
humwingia masikioni kama mdeni anayejitetea.

Mwani ni bahili. Kinachopita baharini
hukidaka, hukificha. Iodini hasa,
ile ambayo kwenye pakiti za chumvi
sisi tumeiita madini joto.
Ina ndugu asiyepoa:
nusu yake tu ikiisha, miaka milioni kumi na tano imepita.
Kiwanda kiko kule juu, nyuma ya ua wa seng'enge,
na bomba lake limeingia baharini kimyakimya
kama mtu anayetoka msibani kabla ya dua.

Kisha hupanda kwa Odile Mauger kuchukua maziwa.
Lita mbili, za jioni, za ng'ombe watatu waliobaki.
Shingoni Odile ana kovu jembamba, la mlalo;
walimtoa tezi akiwa na miaka arobaini na nne.
Hakuna aliyemwambia kwa nini. Hakuna anayejua,
na wanaojua kwamba hawajui
huja na chupa safi.

Maabarani chupa huingizwa katika nyumba ya risasi,
risasi kuukuu, iliyoopolewa kwenye meli iliyozama
kabla mabomu hayajaichafua hewa;
kwani kuta mpya hunong'ona zenyewe,
na anayetega sikio hataki ukuta wenye mdomo.
Mchana kutwa, usiku kucha,
fuwele ya gerimani, baridi kuliko kaburi,
hungoja.
Tiki.
Kimya, kimya, kimya.
Tiki.

Kiswahili kina namna tatu za kukosa:
hapana, pale juu ya jabali nilipopashika;
hakuna, huko kote upepo unakozunguka;
hamna, ndani ya chupa, ndani ya shingo.
Mashine haijui hata moja.
Yenyewe husema tu: kama kimo,
kimo chini ya kimo cha jicho langu.
Kisha huchora alama ndogo, <,
mbele ya sifuri nukta nne.

Odile huiita kifaranga: mdomo wazi, hashibi.
Karatasi zote amezitia kwenye kopo la biskuti,
vifaranga vya miaka ishirini na tisa.

Mwezi Machi ripoti ikaja bila kifaranga.
Sifuri nukta moja moja.
Tarakimu tupu, imesimama peke yake.

Thibaut alikuja mwenyewe kueleza, kofia mkononi.
Maziwa hayajabadilika, alisema, jicho ndilo jipya,
mashine hii inaona palipokuwa giza,
na kiasi chenyewe ni kidogo mno, ni sawa na punje ya...
"Usinipe punje," Odile akasema.
"Wala bwawa la kuogelea. Nimepewa mabwawa ya kutosha.
Mwaka jana ilikuwemo?"
"Huenda."
"Na mwaka aliozaliwa Solène?"
Thibaut akatazama gundi kwenye buti zake.

Hakulia, hakufoka. Alitwaa kalamu ya risasi
(risasi nyingine hii, isiyozuia kitu)
akaenda mlangoni, kwenye mwimo
ulioandikwa vimo vya watoto: Solène, miaka sita;
Bastien, miaka tisa, amenyoosha visigino, mwongo yule.
Akapiga magoti taratibu, mkono ukutani,
na chini kabisa, karibu na sakafu,
akachora mstari, akaandika 0,11
na tarehe.

Halafu akamimina maziwa kwenye kahawa, vikombe viwili.
Thibaut akanywa, hakubakiza tone.
Odile alikizungusha chake, akakichungulia,
akasema ng'ombe mmoja anachechemea, mguu wa nyuma,
naye akitoka amtazame,
maana macho yake yeye siku hizi
hayaoni vitu vidogo.